Mkono wa Mtani

"Chakula kinaingilia mlango wa nyuma," mlinzi alisema, hata salamu hakutoa.

Mwanne alijitazama kuanzia kifuani mpaka miguuni. Hakuwa na sufuria wala hotpoti. Alikuwa na mkoba wake mweusi wa kwendea harusini, dera jipya na mtandio alioupiga pasi asubuhi. Lakini mtu akishauza wali na maharage Gerezani, pale Kariakoo, miaka ishirini, labda harufu ya vitunguu inamtangulia mlangoni.

"Chakula gani? Mimi nimekuja kutazama picha," alisema. "Au picha za hapa zinatazamwa na watu maalumu?"

Mlinzi alikuwa kijana, jina lake limebandikwa kifuani: Nurdin. Alichungulia nyuma ya Mwanne akamwona mwenzake, Selina, mwanamke mwembamba aliyevaa nyeusi tupu kuanzia kitambaa cha kichwani hadi kandambili. Kijana akalegea mabega.

"Poleni mama zangu. Shikamooni. Nimeambiwa wapishi wanakuja saa kumi, sasa nikadhani…"

"Marahaba. Ulidhani. Fungua mlango."

Akafungua. Ubaridi wa kiyoyozi uliwapokea, na Selina akajikunyata kama mtu aliyeingizwa mochwari.

Ukumbi ulikuwa ghorofa ya chini ya jengo moja la vioo pale Posta. Kuta nyeupe pe, na kwenye kuta picha kubwa kubwa za Kariakoo. Kuli kainama chini ya gunia. Muuza mihogo anapuliza makaa. Mwanamke kalala juu ya mafungu yake ya nyanya, mdomo wazi. Chini ya kila picha pamebandikwa jina lake, na majina yenyewe ukisoma unaweza kuzimia: "Ustahimilivu Namba Tatu", "Jasho ni Sala", "Tumaini la Jioni". Yule mwanamke wa nyanya Mwanne alimjua vizuri. Tumaini gani? Alikuwa na malaria.

Na watazamaji sasa! Wamevaa nguo za kitenge zilizoshonwa ghali ili zionekane rahisi. Wanatembea polepole na glasi mkononi, wanasimama mbele ya kuli, wanainamisha kichwa upande mmoja, wanasema "mmh". Kuli huyo huyo wakikutana naye Mtaa wa Msimbazi wanapandisha kioo cha gari. Hapa wanamsogelea mpaka pua inagusa, maana hanuki.

"Mtani, yuko wapi?" Selina alinong'ona.

"Tutamwona. Tembea kama wao. Sema 'mmh'."

Selina hakucheka. Siku thelathini na tano zilikuwa zimepita tangu amzike mume wake, Filbert, fundi mizani. Filbert alikaa kwenye kigoda chake Gerezani, mkabala na meza ya Mwanne, akitengeneza mizani za wauza mchele na wauza misumari, mpaka siku presha ilipomwangusha palepale na bisibisi mkononi. Akazikwa Kinondoni. Mama yake mzazi, bibi wa Peramiho asiyeweza safari ya basi, aliomba kitu kimoja tu: atumiwe picha ya mwanawe.

Picha yenyewe haikuwepo. Za harusi zilikwenda na mafuriko enzi wanakaa Jangwani, na Filbert tangu hapo akiona simu imeinuliwa anageuza kisogo. Basi wakakuza ile ya kitambulisho, ile ile waliyoiweka juu ya jeneza, macho yamemtoka kama mwizi aliyemulikwa tochi, uso umevimba, mdomo umefungwa. Bibi alipoonyeshwa kwenye simu na binti yake Blandina, aliitazama muda mrefu, kisha akairudisha. "Huyu si mwanangu," alisema. "Mmenizikia mtu gani huko?" Hakulia. Alikataa kuvaa nyeusi. Alisema hata hiyo ibada ya arobaini, iliyopangwa Alhamisi, isisomwe nyumbani kwake, kwa sababu Filbert wake yuko Dar na atakuja mwenyewe. Na kila jioni anamwekea chakula.

Ndipo Charmi, binti wa duka la mizani la Mzee Narendra, alipokuja mbio mezani kwa Mwanne juzi. "Bi Mwanne, fundi Filbert nimemwona ukutani! Maonyesho ya picha, Posta. Anacheka!" Alitaka kuipiga kwa simu yake, wakamkatalia. Ameitafuta mtandaoni, haipo. Na Jumamosi ndiyo mwisho; Jumapili picha zote zinafungwa kwenye makasha zinapelekwa Ulaya.

Hii ndiyo Jumamosi yenyewe, saa tisa alasiri.

*

Walimkuta kwenye ukuta wa mwisho, karibu na choo.

Alikuwa mkubwa kuliko alivyokuwa hai. Amekaa kwenye kigoda chake, sahani ya mizani juu ya magoti, kichwa amekitupa nyuma, anacheka mpaka pengo la jino la nyuma linaonekana. Macho yamepotea kwenye mikunjo. Na pembeni mwa picha, umeingia mkono tu wa mwanamke, umeshika upawa, na bangili nyekundu ya plastiki kwenye kifundo.

Mwanne alitazama kifundo chake. Bangili ilikuwa palepale.

Alikumbuka hata maneno. Siku ile alimwambia, "Mngoni wewe, weka hicho kichwa chako kwenye mizani. Kikifika robo kilo, leo unakula bure." Filbert akacheka hivi, akaweka kidevu kwenye sahani kweli, na akala bure. Wangoni na Wanyamwezi ni watani toka enzi za vita vyao, na Mwanne, Mnyamwezi wa Tabora, hakuruhusu siku ipite bila kumtukana Mngoni wake. Na msibani alifanya kazi yake yote ya mtani. Alificha sepetu ya kuchimbia kaburi. Alijilaza njiani mbele ya jeneza mpaka akalipwa hela ya kupisha. Alivaa aproni ya marehemu akaigiza anavyosonya akipoteza nati, mpaka padri akageuka pembeni kuficha meno. Watu wote walilia, wakacheka, wakalia tena. Yeye hakulia. Mtani msibani hana nafasi ya kulia, ana kazi.

Chini ya picha paliandikwa: "Furaha ya Mnyonge. Kariakoo. Dola 900."

"Mnyonge nani?" Mwanne aliuliza kwa sauti. "Filbert mnyonge? Huyu aliyempiga mgambo kwa koleo?"

Selina hakuwa anasoma. Alikuwa amenyoosha kidole taratibu kuelekea kwenye lile shavu.

"Samahani, hatugusi!" Msichana mwenye kadi shingoni na nywele za gharama alifika, viatu vinalia ko ko ko. Kadi ilisema Sabaha. Hakuamkia. "Karibuni, ila hatugusi, sawa?"

"Sawa," Selina alisema, akarudisha kidole kama mtoto aliyechapwa.

Mwanne alitoa simu mkobani.

"Na picha haziruhusiwi, mama."

"Nini haziruhusiwi?"

"Kupiga picha. Humu ndani hairuhusiwi kupiga picha." Sabaha akaonyesha tangazo ukutani, ambapo kamera imechorwa na mstari mwekundu umeikata.

Mwanne alilitazama lile tangazo, akazitazama zile picha arobaini kasoro, akamtazama tena yule msichana. "Haya maonyesho ni ya nini, binti?"

"Ya picha."

"Zilizopigwaje?"

"Mama, ni haki za msanii. Kazi yake inalindwa."

"Na huyu hapa," Mwanne alimwonyesha Filbert, "alilindwa na nani? Aliombwa ruhusa?"

"Labda muongee na msanii mwenyewe." Sabaha alishaanza kuangaza huku na huku kumtafuta mtu wa kumtupia mzigo. "Allan! Dakika moja!"

*

Allan alikuja na kamera shingoni, kijana wa kama miaka thelathini, ndevu zimechongwa, kandambili za matairi miguuni. Zile kandambili Mwanne alizipigia hesabu mara moja. Za Kariakoo, lakini yeye kazivalia Posta ili zisemwe.

"Mambo vipi, mama zangu?"

"Mambo mwambie mdogo wako," Mwanne alisema. "Sisi tuna shikamoo yetu."

Allan alicheka kama aliyepewa zawadi. "Shikamooni. Naupenda sana huu uhalisia. Mnatokea mtaani?"

"Tunatokea Gerezani. Huyu ni Selina. Huyo uliyemtundika karibu na choo ni mume wake. Amefariki mwezi uliopita."

Uso wa Allan ulibadilika, na tumpe haki yake, kwa nusu dakika ulikuwa uso wa mtu. "Dah. Pole sana. Pole sana, mama. Namkumbuka yule mzee. Tuliongea sana siku ile, akanieleza maisha yake."

"Alikuwa na miaka arobaini na sita," Selina alisema.

"Ulimkuta anacheka na mimi," Mwanne aliongeza. "Huo mkono wangu. Wewe tulikuona ng'ambo ya barabara, umejificha nyuma ya bajaji. Hukumwambia hata neno moja."

Allan alijikuna ndevu. "Ndiyo mtaa, mama. Picha za mtaani ukiomba ruhusa, ukweli unakimbia."

Selina alisogea hatua moja. Alikuwa amejipanga maneno yake tangu nyumbani, na aliyasema yote kwa pumzi moja, mikono ameibana mbele kama yuko ofisi ya mtendaji. "Baba, mimi sigombi. Mama yake mkwe… yaani mama yake marehemu yuko Peramiho, hajaiona sura ya mtoto wake miaka kumi na moja. Tulimtumia picha mbaya akaikataa. Naomba nimpige huyu kwa simu, mara moja tu. Sitaipeleka kokote. Alhamisi ni arobaini."

"Ningependa, wallahi," Allan alisema. "Tatizo hii imeshawekewa nafasi na mnunuzi. Ikisambaa kwenye simu inapoteza thamani." Alimtazama Selina, akaitazama picha, akamtazama tena Selina, na jicho lake likawa lile lile la nyuma ya bajaji. "Lakini tunaweza kusaidiana. Wewe simama hapo, mbele yake. Hivyo hivyo na nyeusi yako. Mimi nikupige na mzee ukutani. Halafu nakuletea nakala yako nzuri kabisa, ya karatasi."

"Lini?"

"Tukirudi kutoka Ulaya. Mwezi wa tisa hivi."

"Alhamisi ni arobaini," Selina alirudia.

"Nitajitahidi iwe mapema."

Mwanne alisubiri Selina amsonye. Hakumsonya. Selina alijipangusa uso kwa ncha ya kitambaa, akavuta nguo ikae sawa, akauliza kwa sauti ndogo, "Nisimame wapi?"

Loh! Mwanne aliona aibu iliyokuwa ya mwingine ikimpanda yeye usoni.

"Kushoto kidogo," Allan alisema, tayari amepiga goti. "Usitazame kamera. Usitabasamu. Safi. Sasa, mama, kama unaweza… irudie ile siku kichwani."

"Siku gani?"

"Siku aliyofariki. Irudie tu taratibu."

*

Mwanne alivua viatu. Akavua mtandio, akautandika sakafuni chini ya picha, vigae vile vinavyong'aa, akakaa miguu amenyoosha. Kisha akaweka mikono kichwani.

"Mtani weeee!"

Ukumbi mzima uligeuka.

"Mngoni wewe! Kumbe hukufa, umehamia kwenye kiyoyozi! Mkeo anahangaika na jua, wewe umejitundika Posta unacheka na wenye magari! Dola mia tisa! Jamani, tangu lini Mngoni akawa na bei? Tulikuwa tunakuchukua na mizani zako bure na bado tunaona tumepata hasara! Na dola zenyewe si zimekatazwa? Umetoka kumpiga mgambo, sasa unavunja sheria ya nchi na umeshakufa!"

Mtu mmoja alicheka. Wakacheka wengine. Watu walisogea, wakafanya duara, na Mwanne akaona kitu kilichompa nguvu: simu. Moja, tatu, kumi na mbili. Wote waliokuwa wametii lile tangazo la kamera walikuwa wameinua simu zao wanamrekodi.

"Hii iko kwenye ratiba?" Sabaha alimnong'oneza Allan.

Allan alikuwa ameshamwacha Selina, amelala kifudifudi sakafuni na kamera yake, anamtafuta Mwanne kwa chini.

"Nurdin!" Sabaha aliita. "Mtoe huyu mama!"

Nurdin alikuja mpaka ukingoni mwa duara, akasimama hapo. Alitazama mtandio uliotandikwa, akamtazama mwanamke wa nyeusi. Kijana wa Tunduru huyo, jirani wa Wangoni, hahitaji kuelezwa. "Siwezi, dada," alisema. "Huyo ni mtani. Mtani akiwa msibani hashikwi."

"Msiba gani? Wapi pana msiba?"

"Hapa," Nurdin alisema.

Mwanne aliendelea. Alimwigiza Filbert anasonya. Alimwigiza anakula, kijiko kinapanda kinashuka. Watu walikuwa hoi kwa kicheko. Na alikuwa anakwenda vizuri tu, mpaka alipoinua macho kumtafutia tusi jingine, akakutana na lile pengo la jino.

"Cheka basi," alimwambia. "Si ndiyo kazi yako? Kigoda chako amekaa muuza chaja za simu. Simjui. Nimtukane vipi mtu nisiyemjua? Saa saba mchana nikishapakua, nani… mimi nani nitamwambia…"

Na hapo sauti ilikatika. Yale machozi aliyoyanyima nafasi Kinondoni yalikuja yote, na makamasi yake, na kwikwi mbaya isiyo na mdundo. Alilia kama mtu aliyefiwa, kwa sababu alikuwa amefiwa, na hakuna aliyempa pole hata siku moja, maana nani anampa pole mtani? Alijifunika uso kwa mkono wenye bangili.

Duara likapiga makofi.

Walipiga makofi! Mama mmoja mwenye miwani mikubwa aliinama akampa kitambaa cha karatasi. "Nguvu sana," alisema, macho yamelengalenga kwa starehe. "Mnaonyesha wapi tena?"

"Gerezani," Mwanne alisema akipenga kamasi. "Kila siku, saa sita mpaka saa tisa. Kiingilio sahani moja ya wali."

Yule mama aliandika kwenye simu yake.

*

Nurdin aliwasindikiza mpaka nje, viatu vya Mwanne amevibeba yeye. "Mnisamehe kwa ule mlango," alisema. Mwanne alimwambia apite siku moja ale, akawa amesamehewa.

Walipovuka barabara na kufika kivulini, Selina alitoa simu kifuani. "Wakati wote wamekutazama wewe," alisema, "nilipiga. Nilipiga tano."

Nne zilikuwa ukungu mtupu. Ya tano ilikaa upande, na taa ya dari ilikuwa imempiga Filbert begani. Lakini alikuwa ni yeye, na pengo lake, na mikunjo yake, na mkono wa Mwanne na upawa.

Palepale kivulini walishikilia simu pamoja, wakaituma picha kwa Blandina. Tiki moja. Mtandao wa Peramiho nao una maringo yake. Walifika Gerezani kwa mguu, wakakaa kwenye benchi la Mwanne kati ya masufuria yaliyofunikwa, wakaikodolea macho. Tiki mbili. Kisha zikawa bluu.

Simu ikaita. Blandina alikuwa ameweka sauti ya nje, kuku wanasikika, na mtu anapumua karibu sana na simu.

"Selina." Ilikuwa sauti ya bibi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimemwona." Pumzi. "Ndiye. Hata alipokuwa mdogo alicheka hivyo, mpaka nikamwambia utameza nzi." Pumzi nyingine. "Kanenepa. Nani alikuwa anamlisha?"

"Huyo mwenye mkono, mama. Mtani wake. Yuko hapa."

"Mnyamwezi?"

"Mnyamwezi."

"Mh." Bibi alikohoa kidogo. "Basi nimemwona sasa. Ile habari mliyonipa, nilikuwa sijaipokea. Niambieni tena."

Selina akamnyooshea Mwanne simu.

Mwanne aliipangusa mikono yake kwenye dera, lile jipya. Kwa desturi, habari ya msiba mtani ndiye anayeibeba, naye hakuwahi kukosa neno la kuichangamsha. Aliipokea simu kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama. Mimi Mwanne, mtani wake."

"Marahaba. Sema, mwanangu."

"Mama, Filbert amefariki."

Kwanza walisikia kuku. Halafu, kutoka Peramiho, kilio cha bibi kikaanza.